Chumba Nyuma ya Ghala

Shangazi yangu alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja kubwa, lakini ungemkuta Jumamosi mchana na kikapu mkononi ungedhani hoteli ni yake. Alitembea sokoni taratibu, kidevu juu, akisalimia wauzaji mmoja mmoja kama mtu anayekagua mali yake. Mkobani hamkuwa na kitu cha kujivunia. Hata hivyo sijamwona mtu aliyekula vizuri kuliko yeye katika mji ule, mji ambao hata fungu la mboga za majani linauzwa kwa madaha kama manukato.

Soko lenyewe lilikuwa soko la wakulima. Lilifunguliwa Jumamosi tu, katika uwanja wa shule, kuanzia mvua zinapokatika hadi mavuno yanapokwisha. Sheria yake ilikuwa moja, imeandikwa kwenye ubao getini: uza ulichokilima mwenyewe. Watu wenye magari walikuja asubuhi, wakati mboga zina umande na bei zina kiburi. Shangazi alikuja jua linapoanza kulegea, wauzaji wamechoka, wanatupia macho magari yao na kuwaza safari ya kurudi na mizigo.

"Asubuhi wanakuuzia," aliniambia. "Jioni wanakuomba uwasaidie kubeba."

Alikuwa na taratibu zake, na ole wako uzivunje. Mlianza kwa kuzunguka soko zima bila kufungua mkoba. Hata ukiona kitu cha kukutoa roho, unapita, unatazama tu ni nini kimejaa kwenye meza nyingi, maana kilichojaa ndicho msimu wake, na cha msimu wake hakina maringo. Halafu mnarudi, na hapo anaanza kuomba vilivyopondeka, vilivyopinda, vilivyosahauliwa chini ya meza. Siku moja nilikuwa nachagua karoti zilizonyooka, akanipiga kofi mkononi.

"Unaenda kuioa hiyo? Ikishakatwakatwa nani atajua ilikuwa kilema?"

Na hatukurudi nyumbani na njaa. Mama wa matunda alikuwa anakamua yale yaliyoiva kupita kiasi, na saa za mwisho alijaza bilauri mpaka mdomoni ili asirudi na ndoo nzito. Muuza mikate alituwekea miisho, ile migumu isiyotakiwa na wenye meno ya kudeka. Tuliketi kwenye ngazi za darasa, Shangazi akakata nyanya kwa kisu chake kidogo, akafungua kipande cha karatasi alichofungia chumvi, tukala mkate na nyanya huku watu wa asubuhi wakiwa wameshalipa mara mbili na wamelala zao. Nimekula kwenye harusi za watu wakubwa. Sijala kitu kitamu kama kile.

Nyanya zilitoka kwa Mkulima. Najua, wote pale walikuwa wakulima, lakini Shangazi alimwita huyo mmoja hivyo kwa heshima na jina likamganda, mpaka majirani zake wa meza wakawa wanamwita hivyo pia. Alikuwa mtu mzima mwenye kofia pana na mikono mipana, na ulimi laini. Alimwona Shangazi akiwa bado getini na tayari ameshaanza kutabasamu.

"Dada, leo nimekutunzia. Zimeamka na mimi alfajiri."

Shangazi angechukua moja, aing'ate pale pale, afumbe macho. "Hii imeivia kwenye mche," angesema. "Onja, mwanangu. Si unausikia udongo wake?"

Mimi niliisikia nyanya tu. Lakini nilitikisa kichwa kukubali, na nilikuwa na fahari naye, kwa sababu watu waliokuwa nyuma yetu walisogea wakaanza kununua. Nusu ya mtaa wetu ilianza kununua kwa Mkulima kwa neno la Shangazi. Siku moja mwanamke mmoja alinong'ona kwamba nyanya za huyu bwana zinafanana sana, kana kwamba zimetoka kiwandani. Shangazi alimgeukia kwa sauti ya kutosha soko zima. "Dada yangu, kama hujui kuonja, nunua viazi."

Nyanya zilipofurika, alichukua kreti zima la zile laini, na sisi wawili tukalibeba kwa mama yangu, maana kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hoteli kupika kulikatazwa. Tulizichemsha, tukazijaza kwenye chupa, tukazifunga na kuzipanga rafuni. Soko lilipofungwa na nyanya mjini zikapanda bei kama zimesoma, sisi tulikuwa tunafungua chupa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alifariki nikiwa mdogo, na Mama alipoanzisha mgahawa wake wa meza tatu hakuwa na kitu. Chupa hizo ndizo zilizotulisha, na ndizo zilizofanya wateja wausifie mchuzi wa mgahawa. Nasema hili mapema ili baadaye mtu asiniambie nilikuwa mkali bila sababu.

Sasa, shamba. Mkulima alipenda kulizungumzia, na Shangazi alipenda kulisikiliza. Hakuwahi kuishi nje ya mji. Alizaliwa kwenye chumba cha kupanga, akakulia kwenye korido, akazeekea kwenye mvuke wa chumba cha kufulia kisicho na dirisha. Mkulima alimweleza mistari ya nyanya inayoshuka mpaka kijitoni, kuku wanaotaga popote wapendapo, na ghala la mbao ambalo nyuma yake kuna chumba kidogo chenye dirisha linalotazama mashariki. "Chumba hakina mtu," alisema siku moja. "Ukistaafu, dada, njoo. Utanisaidia kuchambua nyanya, wewe una jicho."

Mimi nilidhani ni maneno ya sokoni. Shangazi aliyapokea kama mtu anayepokea ufunguo. Tangu siku hiyo alipokuwa na mambo magumu kazini alisema, "Acha tu, mimi nina chumba changu nyuma ya ghala." Wenzake walimtania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Akawajibu kwamba siku ya tatu atakuwa ameshaliomba mwenyewe.

Kila msimu aliomba kwenda kuliona shamba, na kila msimu palikuwa na jambo. Barabara imekatika. Gari bovu. Mke wa Mkulima anaumwa. Kwa kuwa hakuweza kwenda yeye, akawa anatuma vitu. Hoteli ilipotupa taulo zilizochakaa, alizichukua, akaniletea mimi kwenye cherehani yangu, maana mimi ni fundi wa nguo, tukazikata vipande vidogo na nikazipinda kingo kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye sare za shule. Zilikuwa za watoto wa wafanyakazi wa shambani. Alizipiga pasi kama za wageni wa hoteli, akazikunja, akaziweka ndani ya kreti tupu alilokuwa analirudisha. Na kreti lenyewe alilifunga utepe wa buluu mpinini, ule wa kufungia mashuka safi, kwa lile fundo lake la kazini ambalo ncha zake hazionekani. Alisema ni ili Mkulima alijue kreti lake huko shambani, asiwape watu wengine.

"Watoto wanasemaje?" aliuliza Jumamosi iliyofuata.

"Wanasema shangazi yao wa mjini aje upesi," alijibu Mkulima.

Nikikumbuka uso wake akisikia vile, mpaka leo napata hasira za kutaka kuvunja kitu.

Ikafika siku ya kustaafu. Hoteli ilimpa keki, saa ya ukutani na makofi, na kumwambia chumba chake kinahitajika. Soko nalo lilikuwa linafunga msimu Jumamosi ya wiki ile ile. Alikuwa ameshamwambia Mkulima kwamba siku hiyo, soko likifungwa, ataondoka naye kwenye gari lake. Mkulima alikohoa, akasema, "Tutaona barabara, dada." Shangazi akasema barabara haijawahi kumshinda mtu mwenye miguu.

Ijumaa alirudisha ufunguo wa hoteli, akaja kulala kwetu na mzigo wake. Mama alimsaidia kuupanga upya sakafuni. Naona mpaka sasa picha ile: mawifi wawili wamepiga magoti, wameshika ncha za shuka moja, wanalikunja kwa kukutana katikati kama watu wanaocheza. Mama alimpa blanketi zito. "Chukua, wifi. Huko alfajiri kuna baridi." Shangazi alimkumbatia, akalia kidogo. Mama naye alifuta macho. Nilidhani analia kwa kutengana.

Jioni hiyo hiyo Mama aliteleza kwenye sakafu ya mgahawa aliyotoka kuipiga deki, kifundo cha mguu kikavimba kama mkate. Ikabidi mimi niende soko la jumla alfajiri kumnunulia vitunguu, kazi ambayo aliifanya yeye mwenyewe siku zote na hakuwahi kumruhusu mtu.

"Nitakwenda naye," Shangazi alisema. "Gunia ni zito."

"Wewe pumzika, wifi. Una safari," Mama alisema.

"Sina kazi tena. Nipumzike nini?"

"Soko lile ni chafu. Si hulipendi? Si unaliita makaburi ya mboga?"

"Basi nitaziba pua."

"Nimesema usiende," Mama alisema, kwa ukali ambao haukulingana na gunia la vitunguu. Kisha akalainisha sauti, akasema anaogopa tu asije akachoka. Shangazi alicheka, akafunga kanga yake kiunoni, tukatoka.

Soko la jumla ni mahali pa malori na matope. Wapagazi wanapita na magunia vichwani wakipiga kelele za "Njia! Njia!" na usipowapisha wanakupitia. Shangazi alitembea ameshika pindo la gauni, pua juu, ananiambia nitazame mboga zilivyolala zimechoka, hazijui zimetoka wapi. Nilinunua vitunguu. Tulikuwa tunageuka kuondoka aliposimama.

Kando ya lori la nyanya palikuwa na makreti matupu yamepangwa. Mpagazi mmoja mwenye mvi alikuwa anachambua nyanya kutoka kwenye masanduku makubwa ya lori na kuzihamishia kwenye makreti. Moja lilikuwa na utepe wa buluu mpinini. Fundo halikuonyesha ncha.

Shangazi alisogea karibu, akalishika lile fundo kwa kidole.

"Baba," alimwambia mpagazi, "hili kreti la nani?"

"La Mkulima." Alicheka. "Tunamwita hivyo kwa sababu huko anakouzia ndivyo wanavyomwita. Jembe lenyewe ukimpa atauliza linashikwa upande gani."

"Mbona hizi laini unaziweka humu peke yake?"

"Ndivyo alivyoagiza. Anasema kuna mama mmoja anazipenda."

Mimi nilikuwa natazama bega lake. Juu ya bega, kuzuia sanduku lisimkwaruze, alikuwa ameweka kitaulo cha manjano chenye kingo za kijani. Nikageuka. Mpagazi aliyepita nyuma yetu alikuwa amekivingirisha kingine na kukiweka kichwani kama ngata, gunia limekaa juu yake. Na mwingine vivyo hivyo. Mshono ulikuwa wangu. Nilizipinda kingo zile mara mbili zisimkwaruze mtoto.

"Na hizi taulo?" Shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Anatuletea yeye. Nzuri sana, hazitelezi. Mtu aliyezitengeneza anajua kazi."

Nilitaka kungoja pale pale mpaka mwenyewe atokee. Nilitaka kummwagia nyanya zake matopeni, moja baada ya nyingine. Shangazi alifungua utepe, akaukunja, akautia mfukoni.

"Twende, mwanangu. Vitunguu vinangojwa."

Njiani alisema labda mwaka huu mazao yameharibika shambani, mtu amelazimika kujazia. Alisema labda ana shamba na pia ananunua. Nilimwambia, "Shangazi, na taulo je?"

"Nimeziona," alisema. Nyumbani tulimkuta Mama amelala, mguu juu ya mto. Shangazi alichungulia tu mlangoni, akaacha gunia jikoni.

Mtu mwingine angekimbilia soko la wakulima asubuhi ile ile. Shangazi alikwenda saa yake, jua linapolegea. Aliuchukua mzigo wake wote, na blanketi la Mama juu yake, mimi nikabeba saa ya ukutani. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuzunguka soko. Alikwenda moja kwa moja mpaka meza ya Mkulima na kuuweka mzigo juu yake, katikati ya nyanya.

"Nimekuja," alisema.

Watu kwenye foleni walikuwa wa mtaani kwetu, wale aliowaleta mwenyewe. Walianza kumpongeza. Mmoja alisema, "Hatimaye shamba, dada. Usitusahau na mayai." Mkulima alitabasamu kwa mazoea, kisha akamtazama vizuri usoni, na tabasamu likakosa mahali pa kukaa.

"Barabara bado mbovu, dada."

"Nitatembea. Nionyeshe upande tu."

"Ni mbali."

"Sijauliza umbali. Nimekuuliza ni upande gani. Nyoosha mkono."

Mkulima alitazama getini. Akatazama ukuta wa shule. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka mezani, ukasita, ukarudi chini. Mtu aliyelielezea shamba mpaka kuku wake hakujua alielekeze wapi.

"Shamba lilikuwepo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "La baba yetu. Tuliliuza kabla sijakujua."

"Na chumba nyuma ya ghala?"

"Nilikuwa nalala humo nikiwa mtoto."

Kama angeishia hapo, ningemchukia yeye tu na mambo yangekuwa mepesi. Lakini mwongo akibanwa hutafuta mwenzake.

"Nilitaka kukwambia, dada. Kila mwaka nilitaka. Muulize wifi yako. Tunaonana kule soko la jumla alfajiri, anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyeniomba ninyamaze."

Nilimwita mwongo mbele ya watu wote. Nilimwambia asithubutu kumtaja mama yangu. Na maneno yakiwa bado mdomoni nikaikumbuka sauti ya Mama: nimesema usiende.

Shangazi alichukua mzigo wake. Nyanya kadhaa zilikuwa zimepasuka chini yake, na blanketi lilikuwa limelowa. Tulipoanza kuondoka, nilimsikia mwanamke mmoja kwenye foleni akiuliza, kwa aibu kidogo lakini akiuliza, "Kwa hiyo leo unapunguza?"

Mama alikuwa ameketi kitandani tuliporudi, mguu kwenye kigoda. Aliuona mzigo, akaelewa. Hakuuliza tumetoka wapi. Shangazi aliketi kwenye kiti cha mlangoni, kile cha wageni.

"Wifi, ulijua?"

Mama alishika pindo la shuka, akalikunja, akalikunjua. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofungua mgahawa. Siku za mwanzo kabisa. Nilimkuta pale ananunua."

"Na nikawa nakuja hapa kukuhadithia shamba."

"Ulikuwa na furaha, wifi. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo," alisema Shangazi. "Ule ule ulioniambia alfajiri kuna baridi."

Nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza Mama alimwomba yule mtu anyamaze kwa nini. Kama ni huruma, mtu huhurumiwa kwa siku, kwa wiki. Hahurumiwi kwa miaka, mpaka anarudisha ufunguo wa chumba chake, mpaka anafunga mizigo, na wewe umeshika ncha ya pili ya shuka. Mama aliniambia nimheshimu. Nikamwambia heshima nitaitafuta kesho. Sijivunii neno lile, wala silirudishi.

"Mkulima alisema atakutafutia mahali," Mama alisema, akimtazama Shangazi, si mimi. "Ana ndugu yake mwenye nyumba huko nje ya mji. Alinihakikishia. Nilidhani ukishafika, ukishazoea..."

"Nijibu alichokuuliza mtoto."

Mama aliliachia pindo la shuka. Kisha akasema lile ambalo nadhani lilikuwa limekaa kifuani mwake tangu baba yangu afe.

"Vyumba ni viwili, wifi. Usingekuwa na shamba, ungestaafia hapa. Ningekuweka wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na husema kwa wepesi, kama wanavyosema habari za asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye chumba chenye rafu iliyojaa chupa za nyanya, chupa ambazo mikono ya yule mwanamke kwenye kiti cha wageni ilizijaza, na mama yangu anauliza angemweka wapi. Niliona aibu kuwa mtoto wake. Nasema nilivyohisi.

Shangazi hakulia. Alitoa ule utepe mfukoni, akaunyoosha juu ya goti kwa kiganja, huku na huku, kama anaupiga pasi.

"Ungeniambia tu kwamba hunitaki," alisema. "Si kosa mtu kutotakiwa. Ningetafuta chumba changu wakati mikono ilikuwa bado na kazi. Sasa nani atampangisha mpiga pasi asiye na pasi?"

Baadaye niliingia chumba cha pili, nikaanza kutoa magunia ya mchele na mifuko ya unga ya mgahawa, nikayapanga kwenye chumba cha kwanza, karibu na kitanda cha Mama, mpaka sakafu ikaonekana. Nilitandika. Nilitundika saa ukutani. Mama alinitazama kila nilipopita na gunia. Mahali pakatosha. Siku zote pangetosha.

Shangazi anaishi nasi tangu siku hiyo. Hana pengine. Anapiga pasi nguo ninazoshona, na wateja wangu wanasema gauni likitoka kwake linasimama lenyewe. Na Mama hana makelele naye, anampikia, anamwekea kipande kizuri. Wanaishi vizuri kuliko mawifi wengi ninaowafahamu. Ila Shangazi hamwiti tena wifi. Anamwita "mama wa mgahawa", kama wanavyomwita wapita njia, na anamshukuru kwa kila sahani.

Mvua zilipokatika, soko la wakulima likafunguliwa tena. Nilimwomba twende, tukaonje tu, tukanywe juisi ya saa za mwisho kwenye ngazi za darasa. Alisema ana mashati ya watu. Chupa za rafuni ziliisha moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejaza nyingine.

Wiki iliyopita Mama aliamua kwenda mwenyewe soko la wakulima, anachechemea mpaka leo, akarudi na kikapu cha nyanya. Alizichagua zile zilizopasuka na zilizopinda, kama alivyomwona Shangazi akifanya miaka yote. Alikata moja, akainyunyizia chumvi, akamletea kwenye sahani pale alipokuwa anapiga pasi, akasimama mbele yake anangoja, kama mwanafunzi.

"Onja, wifi. Hii imeivia kwenye mche, au sivyo?"

Shangazi aliweka pasi kando. Alikitia kipande mdomoni, akakitafuna polepole, macho wazi.

"Sijui, mama wa mgahawa," alisema. "Mimi nyanya sizijui."